Akija Mgombea, Tumuulize Bei ya Mafuta

(Hotuba ya kamati, iliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Sisi wa kamati tuliambiwa tuzungumze juu ya akina mama na uchumi. Tulikaa tukashauriana, tukaona uchumi ni neno pana mno, mtasinzia kabla ya pilau kuletwa. Basi tumechagua kitu kimoja ambacho kila mmoja wetu hukishika alfajiri: mafuta. Mafuta ya taa, gesi, na petroli ya tuktuk inayotupeleka Kongowea na mizigo yetu. Na kwa kuwa mwaka wa kura ni 2027, tumeona tuyazungumze pamoja na hao watakaokuja kutuomba kura.

Tueleweke mapema. Kikundi hiki si cha chama chochote cha siasa, na ndani yake mna wanachama wa kila rangi. Hatumwambii mtu ampigie nani. Twazungumzia maswali tu.

Kwanza tujue bei yatoka wapi, maana wengi hudhani mwenye kituo cha petroli ndiye huamka asubuhi akaipandisha. Sivyo. Tangu mwisho wa 2010 bei ya juu kabisa huwekwa na mamlaka ya serikali, ambayo siku hizi ni EPRA. Hutangazwa tarehe 14 ya mwezi na kuanza kutumika tarehe 15. Ndani yake mna bei ya mafuta yenyewe yakishushwa hapa kwetu Kipevu, mna usafirishaji wa bomba kwenda bara, mna faida ya wauzaji, kisha mna ushuru na tozo za serikali, nazo si haba. Tena mafuta hununuliwa kwa dola. Shilingi ikianguka twalipa zaidi, hata kama huko Uarabuni bei haikusogea.

Sasa tukumbushane. Julai 2020 tozo ya maendeleo ya petroli ilipandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5 na senti 40 kwa kila lita. Kuanzia Aprili 2021 serikali ikawa yatumia mfuko huo kuzuia bei isipande. Jambo hili sisi twalielewa kuliko maprofesa, kwani ndio mfuko wetu wa maafa: kila mtu hutia kidogo, siku ya msiba mfuko hutoa. Tofauti ni kwamba wetu husomwa kila mkutano, na ule mwingine wengi wetu tulikuwa twautilia kila lita bila kujua kama upo.

Vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022 bei ya dunia ikaruka, na mfuko ukazidiwa. Kampuni za mafuta zikawa zaidai serikali fedha za ruzuku. Mwakumbuka Aprili 2022? Foleni nchi nzima. Bei ubaoni ilikuwa nzuri sana, lakini mafuta yenyewe hayakuwako. Mkopo uliotolewa kwa maneno na sanduku tupu, jamani, ndio huo.

Katika kampeni za mwaka huo kila upande ulituahidi kuishusha gharama ya maisha. Rais mpya aliapishwa tarehe 13 Septemba 2022, na katika hotuba yake siku hiyo alisema ruzuku ya mafuta imekula shilingi bilioni 144, na bilioni 60 kati yake katika miezi minne ya mwisho. Kesho yake ruzuku ya petroli ikaondolewa, ya dizeli na mafuta ya taa ikapunguzwa. Mjini Nairobi petroli ikatoka shilingi 159.12 hadi 179.30, na mafuta ya taa kutoka 127.94 hadi 147.94. Julai 2023 VAT ya mafuta ikapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba 2023 petroli ikafika 211.64 na mafuta ya taa 202.61. Kwetu Mombasa hupungua shilingi chache, kwa kuwa yashukia hapa, lakini chache hizo hazinunui hata kiberiti cha pili.

Tuseme na upande wa pili, maana haki ni haki. Ruzuku ile ilikuwa deni, na deni hulipwa. Tena sheria ile ile ya fedha ya 2023 iliiondolea gesi ya kupikia VAT, na hilo lilitufaa. Lakini mapema mwaka huo huo tuliambiwa na Rais kwamba mtungi wa kilo 6 utajazwa kwa kati ya shilingi 300 na 500. Wanaojaza gesi humu ukumbini wajijibu wenyewe. Na msidhani ni serikali hii peke yake. Ile iliyotangulia ilituahidi kuwa umeme utapungua kwa asilimia 33 ifikapo Krismasi ya 2021. Januari 2022 ukapungua asilimia 15, na ile sehemu iliyobaki mpaka muhula ulipokwisha haikuja.

Haya yote yametufikia vipi sisi? Daftari la mweka hazina lasema. Mwisho wa 2023 waliochelewa kuregesha mikopo hawakuwa wenye maduka. Walikuwa wapishi wetu: wa mahamri, wa viazi karai, wa samaki wa kukaanga. Mafuta ya taa yakipanda, mama huyu hawezi kupandisha hamri kutoka shilingi 10 hadi 15, kwani mteja wake ni mtoto wa shule na mkononi ana sarafu moja. Basi hamri likawa dogo. Likawa dogo tena. Halafu mtoto naye akaona, akahamia kwa jirani. Wengine walikimbilia makaa ya kupima kwa mkebe, wakakuta nako moto. Wanachama wanne waliomba kutoa hisa zao wakale. Tulisongeza muda wa mikopo na kufuta faini, ndipo wakabaki, na wawili kati yao ndio waliopika mnachokinusa sasa hivi.

Na mafuta ya taa yamepandaje mpaka yakakaribiana na dizeli, hali ni mafuta ya maskini? Mwaka 2018 yalitiwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili wenye malori wasipate faida ya kuyachanganya na dizeli. Kuchanganya ni uovu, hatubishi, na huharibu injini. Lakini wachanganyaji walikosa, na faini tukatozwa sisi wenye stovu.

Kwa hiyo mgombea akija na kusema "nitashusha mafuta," tusipige vigelegele kwanza. Tumuulize: utashusha shilingi ngapi, na zitatoka mfuko gani? Akisema ruzuku, aseme mfuko ukikauka atafanyaje, kwani foleni twazijua. Akisema ataondoa ushuru, autaje kwa jina. VAT? Ile 18 ya mafuta ya taa? Tozo ya barabara, iliyotoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024, hali muswada wa fedha wa mwaka huo ulikuwa umekwisha kuondolewa kwa sababu ya maandamano ya vijana? Na akiiondoa hiyo, barabara zitajengwa kwa nini? Asiyekuwa na jibu la swali hili la mwisho hajafikiri, hata awe na sauti tamu vipi.

Wa urais aulizwe pia juu ya mpango wa Machi 2023 wa kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni tatu za Saudi Arabia na Imarati. Atauendeleza au atauacha, na kwa sababu gani? Mbunge aliyekuwamo bungeni aulizwe alipiga kura gani mswada wa 2023 ulipopita. Kura zile ziliandikwa, asituambie amesahau. Na diwani akituahidi petroli rahisi, huyo tumpe chai aende zake, bei ya petroli haipiti katika bunge la kaunti hata kidogo. Tumuulize taa za sokoni na mitaro.

Kamati imependekeza hivi, na mkutano mkuu utaamua. Mgombea yeyote atakayetaka kutusalimu apewe dakika kumi, wote sawasawa. Maswali asomewe na katibu, majibu yaandikwe katika daftari la kumbukumbu palepale mbele yake, kisha atie sahihi kama anavyotia sahihi yeyote anayechukua mkopo kwetu. Akikataa kutia sahihi, hilo nalo liandikwe. Bahasha zake za nauli arudi nazo.

Daftari jipya limekwisha kununuliwa, liko kwa katibu. Atakaye kuongeza swali amwone leo kabla hatujaondoka. Sasa twamrudishia Mama Mwenyekiti kipaza sauti, naye atawaita waasisi waje kukata keki.