Tairi la Mbio na Barabara ya Mvua

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Umma wa Polisi kwa madereva, mafundi na wakazi wa Wandegeya, Kampala



Nimeombwa kuzungumza juu ya matairi, nami nimekubali kwa furaha, kwani ni nadra polisi kuitwa kutoa nasaha kabla ya ajali. Maneno haya yatachapishwa pia kwa ajili ya ndugu zetu wa Malaba, Busia, Mutukula, Katuna, Mpondwe na Elegu. Wa Malaba na Busia huyaona matairi yakitoka Mombasa kabla sisi hatujayaona.

Kwanza nitoe hofu: mchezo wa magari si kosa. Mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazee wa mipakani wanakumbuka vumbi lake. Mwaka 1999 Charles Muhangi, Mganda mwenzetu, alitwaa ubingwa wa Afrika. Kosa ni kuyahamishia mashindano hayo usiku katika barabara ya Bombo au Northern Bypass, mbele ya mama anayevuka na kikapu chake. Mwenye hamu na aende Busiika au Garuga, siku iliyoandaliwa na vilabu, penye waamuzi na watu wa huduma ya kwanza.

Basi tumchukue kijana mwenye Subaru. Siku za kazi anaiendesha mjini. Mara moja kwa miezi miwili anakwenda Busiika. Fedha yake si nyingi. Anunue tairi gani?

Wengi huanza kwa kutamani tairi la mbio lenye mifereji michache, lile linaloonekana katika picha za Ulaya na Japani. Tairi hilo liliundwa kwa lami kavu, tena lipate joto ndipo lishike. Busiika ni udongo. Mifereji michache hujaa tope, na jioni kijana huyo anaporudi mvua ikinyesha, maji hayana pa kupitia chini ya gurudumu; gari huelea, na usukani huwa kama pambo. Kwa hiyo tairi lake lichaguliwe kwa safari ya kurudi nyumbani. Atafute tairi la kawaida lenye mifereji mipana na ubavu imara.

Hapa pana akiba kubwa ambayo vijana huikataa kwa ajili ya sura. Rimu kubwa ya inchi 18 yenye tairi 225/40 huacha ubavu wa milimita 90 tu kati ya rimu na shimo la barabarani. Tairi 205/55 la rimu ya inchi 16 lina ubavu wa karibu milimita 113, na kimo chake chote hakitofautiani sana na la kwanza. Ikiwa breki za gari lako zinaingia katika rimu hiyo ndogo, na kiwango cha uzito kinatosha, utalipa kidogo na utapasua machache. Mimi nisingesita.

Someni ubavu wa tairi kabla ya kusikiliza bei. Baada ya ukubwa huja namba ya uzito na herufi ya mwendo: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240. Herufi hiyo si ruhusa ya kuifikia. Matairi mengi yana pia neno TREADWEAR na namba. Namba ya 200 kushuka chini kwa kawaida ni mpira laini, unaoshika vizuri na kwisha upesi. Kwa kijana wetu, 300 hadi 400 ni nafuu zaidi. Lakini kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo linganisheni matairi ya kiwanda kimoja. Tafuteni pia herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata tairi likiwa limetundikwa dukani. Viwanda kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5, na liondolewe likifika 10 hata kama linang'aa.

Sasa mitumba, na hapa naomba mnivumilie. Si kila tairi la mitumba ni baya. Lakini katika magari yanayotoka Japani huja matairi ya theluji. Yana neno STUDLESS, au picha ya mlima wenye chembe ya theluji, na mara nyingi herufi Q, yaani kilomita 160. Ukiyabonyeza ni laini, na muuzaji atakwambia ulaini huo ndio kushika. Yaliundwa kwa baridi ya barafu. Katika jua letu na mwendo wa kasi hulainika kupita kiasi, gari likayumba katika kona na breki zikachelewa.

Baya zaidi ni tairi lililochongwa. Kipara huchukuliwa, kikakatwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, kisha kikapakwa rangi nyeusi. Mafundi, siwashutumu nyote, ila mnajua nisemalo. Tazameni ndani ya mifereji: tairi halisi lina vinundu vidogo vya kuonyesha kikomo, kwa kawaida milimita 1.6. Mfereji ukiwa mrefu na vinundu vimekatwa, au nyuzi zinaonekana, liacheni. Kuendesha gari lenye ubovu wa hatari ni kosa la kisheria, na dereva hasalimiki kwa kusema aliuziwa. Nanyi wa mipakani, ulizeni forodha kabla ya kuvusha matairi yaliyotumika, kwa maana kanuni za nchi hazifanani.

Fedha ikitosha matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, madereva wengi hawawezi kuirudisha. Lakini Subaru inayovutwa na magurudumu yote manne inataka matairi manne yanayolingana, la sivyo difu ya kati huumia, na bei ya difu itacheka akiba yako. Tairi lenye mshale na neno ROTATION lifungwe kwa kufuata mshale. Lenye OUTSIDE, neno hilo lionekane nje.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa mlangoni. Wapo wanaopunguza upepo ili gari lishike udongo, halafu wanasahau kuujaza. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto katika mwendo mrefu, na ndilo hupasuka njiani. Bebeni geji, haigharimu sana.

Naona mikono ya maswali tayari. Tutoke nje kwanza: yako magari saba pale, na tuanze kwa kusoma tarakimu nne za kila tairi.