Wavu wa Angani na Askari wa Mpakani

Askari waliopata kutumwa katika maziwa ya Uganda kukagua nyavu wanajua kuwa wavu hupimwa kwa macho yake. Wavuvi wa Katwe, ukingoni mwa Ziwa Edward, nao wanajua: maji hupita, samaki hubaki. Kanuni hiyo ndiyo inayomwezesha askari aliye katika mabonde ya Ruwenzori, ambako vilima huzuia redio ya mkono, kuzungumza na makao yake makuu kwa simu ya setilaiti.

Setilaiti za namna hiyo hukaa juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Mawimbi ya simu ndogo yakifika huko huwa yamefifia mno. Ili yapokewe sawasawa, yahitaji sahani yenye upana wa mita 12 hivi, na roketi haina nafasi ya kubeba chombo kipana kiasi hicho. Kwa hiyo mafundi hufuma wavu wa nyuzi nyembamba za madini zilizopakwa dhahabu, wakaukunja kama mwavuli, ukafunguka wenyewe huko juu. Mwanga wa jua hupenya, lakini mawimbi ya simu, yenye urefu wa karibu sentimita 19, hayapiti katika macho yale madogo; hudundishwa na kukusanywa mahali pamoja.

Ufundi huu si mgeni katika anga la Afrika Mashariki. Setilaiti ya Marekani iitwayo ATS-6, iliyorushwa tarehe 30 Mei 1974 ikiwa na mwavuli wa mita 9, ilihamishiwa mwaka 1975 juu ya Kenya magharibi, karibu na Ziwa Victoria. Kutoka hapo ilipeleka vipindi vya televisheni katika vijiji vya India. Mwezi Juni 2003 ikarushwa Thuraya 2 ya Falme za Kiarabu, yenye wavu wa mita 12, ikawekwa nyuzi 44 mashariki. Kwa mtu aliye Kasese, hapo ni karibu utosini. Ndiyo maana mlima haumzuii, ingawa msitu mnene na paa la mabati humzuia.

Hata hivyo, chombo hiki kina udhaifu wake. Setilaiti ya ViaSat-3 ilirushwa mwezi Aprili 2023. Mwezi Julai kampuni yake ikatangaza kuwa antena haikufunguka ipasavyo. Hapakuwa na fundi wa kupanda kuirekebisha. Kilichosahauliwa kabla ya safari hakirekebishwi njiani, na askari wa doria anaifahamu sheria hiyo.

Tena, simu hizo hazina upande. Ripoti za Umoja wa Mataifa zimeonyesha kuwa vikundi vyenye silaha mashariki mwa Kongo navyo vimezitumia. Anayepiga huku akitaja mahali alipo na idadi ya wenzake, huenda anamwarifu adui pia. Zaidi ya hayo, simu inapotoa mawimbi, mwenye vyombo anaweza kutambua ilipo.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, jirani na Bwera, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, kisha wakakimbilia Kongo. Wazazi wa Kasese hawatasahau usiku ule. Hakuna wavu wa angani unaoweza kumwona mwanakijiji aliyegundua nyayo ngeni shambani, wala kumlazimisha mkuu wa kituo kumsikiliza. Mwanakijiji yule hana simu ya setilaiti. Ana miguu yake tu, na imani kwamba akifika kituoni hatafukuzwa.

Basi betri na ijazwe kabla ya doria, maneno yawe machache, na mlango wa kituo uwe wazi kwa raia usiku na mchana. Habari isiyopokewa hapa chini haina njia ya kufika huko juu.