Kana au Gurudumu: Ushauri kwa Anayenunua Chombo cha Tanga

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanakikundi wa kuweka na kukopa, Kibamba, Dar es Salaam)



Mpita njia angeweza kushangaa kwamba wakazi wa Kibamba, waliozoea malori ya Barabara ya Morogoro kuliko mawimbi, wanakusudia kuweka akiba yao katika mashua. Sisi hatushangai. Mwenye chombo si lazima awe nahodha, wala si lazima aishi ufukweni. Lakini mwenye mali asiyesafiri nayo ni rahisi kuuziwa asichokihitaji, na katika vyombo vya tanga mlango mmojawapo wa kupotezea fedha ni usukani.

Tuanze na maneno. Usukani, kwa asili yake, ni ule ubao uliotundikwa tezini, ndani ya maji. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na lilikuwa la mabaharia kabla magari hayajaliazima. Kana ni mti unaochomekwa kwenye kichwa cha usukani, nahodha akaushika mkononi. Gurudumu linafanana na lile la gari, nalo huugeuza usukani kwa nyaya na kapi, au kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mipira. Kwa hiyo muuzaji anayejisifu kwamba chombo chake "kina usukani" hajawaambia kitu. Muulizeni unageuzwa kwa nini.

Wanunuzi wengi huvutiwa na gurudumu kwa kuwa linaonekana la kisasa. Ushauri wetu ni kinyume: kwa mashua isiyozidi mita 10 hivi, itakayovua au kubeba mizigo kutoka ufukwe wa Kunduchi au Bagamoyo, chagueni kana.

Kana hupeleka mkononi mwa nahodha kila kinachotokea majini. Upepo unapolizidi tanga, chombo hutaka kuugeukia upepo, na kana huwa nzito. Nahodha hutambua mara moja kwamba ni wakati wa kulegeza demani au kupunguza tanga. Nyaya hupunguza taarifa hiyo, na mafuta huizima karibu yote. Msimu wa kusi, nahodha anayechelewa kuipata huweza kupoteza tanga, au chombo chenyewe pamoja na watu waliomo. Tena, kana ikivunjika, mti wowote imara unaoingia kwenye tundu utawarudisha nyumbani. Waya ukikatika usiku, kazi ni nyingine kabisa. Na kuna suala la maji kupwa: nyakati za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam huzidi mita 3, na mashua hulala mchangani. Usukani wa kana uliotundikwa nje huweza kuchomolewa kabla haujagonga chini. Ulioungwa na nyaya hauchomoki upesi.

Kana ina ila zake. Hufagia nafasi kubwa tezini, hivyo abiria na mizigo lazima wakae mbali nayo, na katika jahazi kubwa huuchosha mkono kwa safari ndefu. Hapo gurudumu lina haki yake, maana humpa mtu mmoja nguvu ya kugeuza usukani mzito.

Mkilazimika kununua chombo cha gurudumu, msikubali kukaguliwa kwa macho ya juu juu. Inueni mbao za sakafu, mfuate waya kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye usukani, mkipitisha kitambaa juu yake. Uzi uliokatika utakinasa, na ni afadhali unase kitambaa kuliko kidole. Mmoja azungushe gurudumu polepole, mwingine asimame tezini. Likizunguka kwa muda kabla usukani haujasogea, kuna ulegevu. Mwisho, dai kana ya dharura, na ichomekwe mbele yenu. Msiridhike kuambiwa ipo stoo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemjulisha mfanyabiashara matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kuyafaa matumizi hayo. Basi andikeni, kabla ya kulipa, kwamba mashua ni ya kuvua nje ya Kunduchi na itakuwa ikilala mchangani. Mtu binafsi anayeuza mashua yake kuukuu hafungwi na sharti hilo kwa namna ileile. Kwake, fundi wa kuunda vyombo akague kwanza, fedha zifuate. Usajili na ukaguzi wa usalama kwa Tanzania Bara uko chini ya TASAC, iliyoanza kazi mwaka 2018. Ulizeni cheti, mkitazame tarehe yake, kisha mlinganishe namba ya usajili na ile iliyoandikwa ubavuni mwa chombo. Hati ya mauzo itaje aina ya uendeshaji na kila kifaa kilichoahidiwa, kana ya dharura ikiwemo, na nakala moja ibaki kwa mweka hazina wenu.