Mtaji wa Wataalamu Vijana wa Afya

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Birmingham



Kamati imenitaka niseme machache juu ya ombi lililoletwa mbele yetu, kwamba sehemu ya mfuko wetu itengwe kwa vijana wa ukoo waliosomea sayansi za afya na wanaotaka kuugeuza utafiti wao uwe biashara. Wako wazee wanaoiona hii kuwa kamari. Mfuko huu uliwekwa kwa ajili ya mazishi na mayatima, nami siidharau hofu yao.

Mji huu una kisa cha kutufaa. James Watt alikuwa na hataza tangu mwaka 1769, lakini mtambo wake wa mvuke ulidorora kwa kukosa fedha, na mfadhili wake wa kwanza akafilisika. Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho hapa Birmingham, ndiye aliyeichukua hisa ile na kuingia naye ubia mwaka 1775. Wanetu wanamjua Watt. Boulton, nachelea, hawamjui.

Katika zama zetu, Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya hapa Uingereza ilianzisha tuzo ya wavumbuzi wa Afrika. Mshindi wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, kwa chujio lake la maji. Mwaka 2018 akashinda Brian Gitta wa Uganda, kijana wa miaka 24, kwa kifaa kinachobanwa kidoleni kupima malaria kwa mwanga, pasipo kutoa damu. Kila mmoja alipata paundi 25,000. Aidha, wateule wa tuzo hiyo hufunzwa biashara kwa miezi kadhaa, na kwa rai yangu faida kubwa imo humo.

Kwani mtaalamu kijana anajua kupima, hajui kuuza. Kifaa cha hospitali hutumiwa na muuguzi, hulipiwa na mwingine, na huruhusiwa na wa tatu. Na majaribio huchukua miaka kabla ya senti ya kwanza kuingia. Benki hudai dhamana asiyokuwa nayo. Tena, Sheria ya Hataza ya mwaka 1977 humpa mwajiri uvumbuzi wa mfanyakazi uliotokana na kazi yake ya kawaida. Kwa hiyo hapana budi kijana apatane kwanza na chuo chake. Gharama ya mwanasheria peke yake humkatisha tamaa.

Binti wa dada yangu yumo katika hali hiyo. Mkataba wake wa utafiti unakwisha Machi, na ukiisha atachukua ajira yoyote, na kazi ya miaka minne ibaki kabatini.

Napendekeza sehemu moja ya kumi ya michango ya mwaka, kwa miaka mitatu, bila kuigusa akiba ya mazishi. Iwe ruzuku, wala isiwe mkopo, maana deni baina ya ndugu huvunja udugu. Itolewe kwa awamu, na awamu ya kwanza ilipe mwanasheria, pamoja na nauli za kuwaendea wauguzi na wanunuzi ishirini kuwauliza kama wanakihitaji kitu chenyewe.

Kura itapigwa kesho baada ya chakula cha mchana. Walioko mbali wamkabidhi Katibu barua zao kabla ya hapo.