Msafiri Asiyejua Kujishikilia: Jinsi ya Kukikagua Kiti cha Mtoto Mchanga Garini

Maneno ya afisa wa usalama barabarani katika mkutano wa polisi na wananchi, Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo



Nimeombwa niseme juu ya usalama barabarani, na bila shaka mlitazamia kwamba nitasimama hapa kuwakemea madereva kwa mwendo wa kasi na kwa kujaza abiria kupita kiasi. Hayo tumekwisha kuyasema, na tutayasema tena. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya msafiri mdogo kuliko wote, ambaye hajui kusema wala kujishikilia, yaani mtoto mchanga.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, jamaa yetu mmoja alitupa kiti cha gari cha mtoto ambacho wanawe walikuwa wamekwisha kukiacha. Nilikipokea kwa furaha, nikakifunga kwa mikono yangu. Sikumwuliza mtu, kwa maana nilijiona mjuzi: nimeivaa sare hii miaka mingi, nimekagua magari yasiyohesabika. Tulipokuwa tukirudi nyumbani kutoka hospitali, mbuzi walikatiza barabara nami nikashika breki. Sikuzishika kwa nguvu, lakini kiti kile kiliinuka upande mmoja kikaelemea mbele. Kama binti yangu asingekuwa ameuweka mkono wake juu ya ukingo wake, sijui yangekuwa mengine. Mtoto hakuumia. Niliposhuka kutazama, niliona kwamba mkanda wa gari nilikuwa nimeupitisha mahali pasipo njia yake. Siku ile nilijifunza kwamba sare ya babu haimlindi mjukuu, ila kiti kilichofungwa sawasawa.

Wako watakaosema: mama zetu walitupakata, nasi tukakua. Ni kweli, lakini tulipakatwa katika safari za miguu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kisha likagonga kitu na kusimama katika nafasi ya nusu mita, kila kilichomo huvutwa mbele kwa nguvu ya mara 20 hivi ya uzito wake. Mtoto wa kilo 5 huvuta kama gunia la mahindi la kilo 100. Ni mama gani, hata awe na nguvu na upendo kiasi gani, awezaye kulizuia gunia hilo kwa mikono miwili, hali naye mwenyewe anarushwa? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga garini kwa asilimia 71. Lakini faida hiyo hupatikana kwa kiti kizima, kinachofaa, na kilichofungwa vema. Ndiyo sababu nataka tujifunze kukikagua. Nitawapa maswali manne.

Swali la kwanza: kiti hiki kimetoka wapi? Viti vingi vinavyouzwa katika masoko yetu ni vya mtumba. Huja pamoja na magari na bidhaa kutoka Japani, Ulaya na Marekani, mara nyingi bila kitabu cha maelekezo. Mtumba si dhambi, lakini kigeuze kiti utazame chini na mgongoni. Tafuta kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara, na tarakimu kando yake. Tarakimu hiyo hutaja nchi iliyokithibitisha: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Wala si alama ya ubora, kwamba 43 imeishinda 4. Kwenye kibandiko hicho utaona pia kanuni ya Umoja wa Mataifa iliyofuatwa: Kanuni ya 44, ambayo ni ya zamani, au ya 129, iliyoanza mwaka 2013, ambayo huongeza jaribio la kugongwa ubavuni. Kiti kilichotengenezwa kwa soko la Marekani hakina duara hilo, bali huwa na maandishi yanayosema kwamba kimetimiza viwango vya serikali ya nchi ile. Kiti kisicho na alama yoyote kiache pale pale kilipo.

Kisha tafuta tarehe iliyogandamizwa katika plastiki. Plastiki huchoka kwa jua na kwa miaka, na watengenezaji wengi huandika mwisho wa matumizi. Pitisha vidole ndani ya ganda ukitafuta ufa. Vuta mishipi uone kama imechanika au imechakaa. Funga na ufungue kifungo mara kumi. Mwisho muulize muuzaji: kiti hiki kimewahi kuwamo katika ajali? Kiti kilichopata ajali kubwa kimekwisha kufanya kazi yake, hata kama hakionyeshi jeraha. Muuzaji akibabaika, ondoka na fedha zako.

Swali la pili: kinakubaliana na gari lako? Usinunue kabla ya kukijaribu ndani ya gari lenyewe. Kiti cha mtoto mchanga hutazama nyuma, na jambo hili halina mjadala. Kichwa cha mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo yake bado laini. Akitazama nyuma, gari linapogonga kwa mbele, mgongo mzima, shingo na kichwa hupokelewa pamoja na ganda la kiti. Akitazama mbele, kichwa peke yake hutupwa, na shingo hubeba mzigo wote.

Mahali pake ni kiti cha nyuma cha gari. Ni marufuku kabisa kukiweka mbele ya mfuko wa hewa wa abiria ambao haujazimwa. Mfuko huo hufutuka kwa kishindo, na kishindo hicho kingetua juu ya ganda, nyuma tu ya kichwa cha mtoto. Sasa pitisha mkanda wa gari katika njia yake. Kwenye viti vya Kanuni ya 44 njia ya mkanda ya kiti kinachotazama nyuma hupakwa rangi ya buluu. Mimi, babu mjuzi, rangi ile ilikuwapo mbele ya macho yangu na sikuiona. Ukimaliza, shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise kwa mkono mmoja. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5, kama upana wa kidole gumba. Kikicheza, kifungue uanze upya. Mkanda ukiwa mfupi mno usikifikie kiti, basi kiti hicho na gari hilo havioani, tafuta kingine. Usiungeshe kwa kamba.

Swali la tatu: kinamfaa mtoto wako? Soma uzito ulioandikwa. Viti vingi vya wachanga vya kanuni ya zamani hukoma kilo 13. Vya kanuni mpya hutaja urefu kwa sentimita. Mishipi itoke mgongoni sawa na mabega au chini yake kidogo. Ikaze, kisha jaribu kuifinya begani kwa vidole viwili kama mtu anayefinya mkunjo wa nguo. Ukipata mkunjo, bado imelegea. Ninyi mnaoshuka kutoka miteremko ya Rwenzori asubuhi ya baridi, msimfunge mtoto akiwa amevikwa sweta nene au amezungushiwa blanketi, kwa maana unene huo hubonyea katika ajali na mishipi ikabaki wazi. Mfunge kwanza, ndipo umfunike kwa kitenge juu ya mishipi.

Tazama pia mlalo. Kiti kikisimama wima mno, kidevu cha mchanga huangukia kifuani na pumzi yake ikazibwa. Mlalo wa nyuzi 45 hivi humfaa aliyezaliwa karibuni. Na msimharakishe kumgeuza atazame mbele. Miguu iliyokunjwa haimdhuru. Kanuni ya 129 hudai atazame nyuma hadi apite miezi 15, na kukaa hivyo zaidi ni bora zaidi, mradi hajapita kipimo cha kiti.

Swali la nne ndilo ambalo wanunuzi hulisahau: je, watakaokitumia wanakiweza? Wengi hudhani urahisi ni anasa na usalama ni jambo jingine. Mimi nasema kiti kigumu kukitumia ni kiti kitakachotumiwa vibaya. Kifanyieni mtihani huu. Mama akifunge peke yake, kisha bibi, kisha dereva wa familia, kila mmoja bila kusaidiwa. Mjaribu gizani, kwa maana safari nyingi za sokoni huanza kabla ya mapambazuko. Mishipi inakazwa kwa mvuto mmoja, au hudai mikono mitatu? Kifungo kinafunguka kwa kidole gumba cha mtu mzima upesi, endapo itabidi mtoto atolewe haraka? Kikiwa na mtoto ndani, mama aliyejifungua juzi anaweza kukinyanyua? Kitambaa kinavuliwa na kufuliwa? Michoro ya maelekezo iko ubavuni, inasomeka hata kwa asiyejua lugha iliyoandikwa? Kati ya viti viwili vyenye alama halali, chagua kile ambacho bibi alikifunga sawasawa mara ya kwanza, hata kama kingine kinang'aa zaidi.

Sasa niseme neno la sisi watu wa mpakani hasa. Upande wa Uganda magari hupita kushoto. Ukivuka Kasindi hupita kulia. Nani amewahi kufikiri maana yake kwa mtoto? Kiti kilichowekwa nyuma kushoto humwezesha mama, akiwa Uganda, kumshusha mtoto kando ya barabara. Akivuka, mlango ule ule hufungukia katikati ya magari yanayopita. Basi mkivuka, egesheni nje kabisa ya barabara kabla ya kumtoa mtoto. Nafasi ya katikati ni nzuri, kwa kuwa iko mbali na milango yote miwili, lakini magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu mahali pale, nao hautoshi kiti kinachohitaji mkanda wa bega na kiuno. Kiti kilichotulia pembeni ni bora kuliko kinachoyumba katikati.

Tena kuna foleni ya forodha. Mnajua jinsi inavyoweza kula asubuhi nzima. Gari likisimama, mtoeni mtoto kitini ajinyooshe. Katika safari ndefu fanyeni hivyo angalau kila baada ya saa mbili. Msimwache ndani peke yake mkienda kugonga mihuri, hata kwa dakika chache, kwa maana gari lililofungwa juani hugeuka tanuri upesi. Na kabla ya kumrudisha, guseni chuma cha kifungo kwa kiganja, kisije kumchoma.

Najua wengi wenu hamna gari, nanyi mnajiuliza maneno haya yanawahusu nini. Yanawahusu. Mkipanda gari la abiria, mama mwenye mchanga asikae mbele. Avae mkanda wake mwenyewe ikiwa upo, na kamwe asimfunge mtoto pamoja naye katika mkanda mmoja, kwa sababu mwili wa mama ungemkandamiza. Kumpakata bado ni hatari, sitawadanganya. Lakini hatari hiyo msiiongeze. Na mkikodi gari ndogo kwenda hospitali au kurudi na mtoto aliyezaliwa, kiti kinaweza kufungwa humo kama katika gari lolote lenye mikanda mizima.

Hapo ndipo naleta ombi langu. Vikundi vyenu vya akina mama vinanunua sufuria za arusi na mahema ya msiba kwa kuchangishana, navyo huazimwa kwa zamu. Kwa nini kisinunuliwe kiti kimoja cha mchanga kwa kikundi? Daftari liandikwe nani amekichukua, lini, na kama kilipata ajali. Miezi ya mwanzo hupita upesi, na kiti kimoja chenye historia inayojulikana kitawafaa watoto wengi kabla ya tarehe yake kwisha.

Aliye na kiti tayari akilete kituoni siku ya soko. Tutakifunga pamoja, tutakitikisa, tutatazama njia ya mkanda. Hatutaandika faini wala kuuliza jina. Nanyi mkikuta afisa amekosea, mwambieni. Ningemshukuru sana mtu ambaye angeniambia mimi siku ile, kabla ya mbuzi kukatiza barabara.