Breki za Mbele za Land Rover Kuukuu

(Mazungumzo kwa mafundi vijana)



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya kutengeneza upya breki za mbele za Land Rover One Ten, gari lililotolewa mwaka 1983 likiwa na breki za diski mbele. Gari kuukuu la namna hii huweza kusimama vizuri penye tambarare, kumbe hatari inamngoja dereva mteremkoni. Sababu ni maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Pistoni hushika kutu. Na breki zikipata moto, mafuta yenye maji huchemka upesi, pedali ikazama mpaka chini.

Kwanza, zuieni magurudumu ya nyuma kwa mawe, kisha gari likae juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Fungueni kalipa, lakini msitenganishe nusu zake mbili. Toeni pistoni zote nne. Iliyoliwa na kutu isirudishwe. Osheni kwa mafuta safi ya breki, wala si petroli, maana petroli huharibu mipira. Mipira yote iwe mipya. Pimeni pia unene wa diski.

Tengenezeni kulia na kushoto pamoja, gari lisivute upande. Mwisho toeni hewa yote mpaka pedali iwe ngumu, kisha jaribuni polepole.

Mwenye gari atalalamikia bei ya pistoni. Abiria hawaoni kitu, nao ndio waliowaamini ninyi.