Mashini ilisema «hakuna»: kutafuta neno ndani ya faili la ujenzi

Maneno tuliyoyasema kwenye kikao cha mutuelle, Manika, Kolwezi



Tuliombwa kueleza namna ya kutafuta neno ndani ya mafaili ya ujenzi. Kwa kuangalia tu ni kazi ndogo: unaandika neno, unabonyeza, mashini inakuonyesha mahali lilipo. Lakini tutaanza na yale mabloku 850 yanayokaa kwenye lupango nyuma ya ofisi. Kila mutu akipita anauliza ni ya nani, na jibu njo hili.

Kikundi chetu cha waashi kilipata kazi chini ya mkandarasi mmoja: kufyatua mabloku ya madarasa mawili. Faili la masharti lilikuwa na kurasa 186, zote kwa Kifaransa. Waashi walituuliza sisi wafanyakazi wa shirika: bloku la unene gani? Tukafungua kompyuta, tukaandika «bloc». Mashini ikatuonyesha mahali pane, na pote pane paliandikwa «bloc sanitaire», yaani jengo la vyoo, lenye kuta za sentimita 15. Tukaandika «brique», ikasema hakuna. Tukawaambia waashi: basi, ni 15.

Sanduku la mutuelle likakopesha feza ya simenti. Mabloku 1,400 yakafyatuliwa, yakamwagiwa maji, yakakauka. Siku ya kuyapokea, mukaguzi alikuja na futi yake, akapima moja, akatingisha kichwa. Kuta za darasa zinabeba paa. Faili lilitaka bloku la 20 kwa 20 kwa 40. Ukurasa wa 112, akasema.

Tulirudi kufungua ukurasa huo, na kweli iko. Imeandikwa «agglos creux de 20». Hakuna neno «bloc» wala «brique». Tena kibaya zaidi, kuanzia ukurasa wa 90 mpaka 131 zilikuwa karatasi zilizopigwa skana. Sisi tunaona maandishi, lakini mashini inaona picha. Hata tungeandika «agglo» ile siku, ingejibu hakuna.

Kosa lile si la waashi. Ni letu, na tunalisema hapa mbele ya wafadhili kwa sababu sehemu ya ile feza ilitoka kwenye mchango wenu.

Sasa, kwa nini hatukuwaza kuandika «agglo»? Hapa njo tunataka kukaa kidogo. Lugha ya kazi mutu anaipata pale alipojifunza kazi. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 viliwavusha watu wengi wa Dilolo na Kolwezi mpaka Angola, na watoto wao walijifunza uashi huko. Wao wanasema «bloco» na «tijolo». Waliokulia kambi ya Meheba, karibu na Solwezi, wanasema «block». Papa aliyebaki hapa akijenga nyumba za wafanyakazi wa Gécamines anasema matafari. Na yule aliyeandika faili anasema «agglo», ukurasa mwingine «parpaing», ukurasa mwingine «maçonnerie de 20» bila kutaja kitu chenyewe. Mashini haijui kama hivi vyote ni kitu kimoja. Inalinganisha herufi tu, kama mutoto anayetafuta jina lake kwenye ubao wa shule.

Kwa hiyo sasa hatutafuti tena peke yetu. Kabla ya kugusa kompyuta tunakaa na waashi na kuandika kwenye karatasi majina yote ya kitu. Kisha tunaandika mwanzo wa neno tu: «agglo» itakamata «agglos» na «agglomérés» pia. Lakini musikate neno fupi sana. Tuliandika «fer» tukitafuta vyuma, ikatuletea «transfert» na «fermeture», na programu isiyojali alama juu ya herufi itaongeza «référence» na «conférence». Tulicheka, lakini asubuhi nzima ilikwisha. Andika «armature», andika «acier», andika «HA» ikifuatwa na namba ya unene.

Namba nazo zina sura nyingi. Unene ule ule unaweza kuandikwa 20 cm, 0,20 m, au 200 mm. Zege njo inadanganya zaidi. Waashi wetu wanauliza kilo ngapi za simenti kwa meta moja ya ujazo, wanatafuta 350, wasiione, kwa sababu mwandishi ameandika C25/30. Ile ni nguvu ya zege, si kilo za simenti, na mutu wa ufundi lazima aulizwe kabla ya kugeuza moja kuwa nyingine. Mukikutana na faili lililopangwa kwa namba za Amerika ya Kaskazini, ile MasterFormat, tafuteni namba: 03 ni zege, 04 ni kazi ya mawe na matafari, 04 22 00 ni mabloku ya simenti. Namba haibadiliki lugha ikibadilika.

Na namna ya kujua ukurasa ni picha? Jaribuni kupaka rangi neno moja kwa kidole au kipanya. Likikataa, ni picha. Sisi tuna njia nyingine: tunatafuta «de». Hakuna ukurasa wa Kifaransa usio na «de». Ukurasa ambao mashini inauruka unasomwa kwa macho, mustari kwa mustari, na mutu wa pili anausoma tena. Programu za kugeuza picha kuwa maandishi ziko, zinasaidia, lakini tumeona 15 ikisomwa I5, kwa hiyo macho hayapumziki.

Mafaili haya yataendelea kuja. Sheria ya 2017 imewapa Wakongomani nafasi kwenye kazi za chini ya kampuni kubwa, na kodi ya madini iliyorekebishwa 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Shule na vituo vya afya vinajengwa humo.

Kuhusu deni: mabloku 550 yameuzwa kwa watu wanaozungushia lupango ukuta, na kwa ukuta wa namna ile 15 inatosha. Sisi watatu wa shirika tumeomba kulipa sehemu ya hasara. Kamati bado haijajibu.

Faili la kituo cha afya limefika juzi, kurasa 240, pamoja na viambatisho viwili vilivyo kwenye mafaili mengine, na kutafuta kwenye faili moja hakugusi mengine. Tunalifungua Jumamosi saa tatu asubuhi. Tunaomba waashi wawili waliotoka Angola, wawili waliotoka Zambia, na papa wa Gécamines kama mugongo umemuachia. Umeme ukikatika, tutasomea kwenye telefoni.